Kwangua Kwanza, Ndipo Upake

Masomo: Walawi 14:33-53, Ezekieli 13:10-15

Mvua za masika zikishakatika na kahawa ikianza kuiva katika milima ya Umatengo, watu wengi hukumbuka kukarabati nyumba. Kuanzia Kitura hadi Mbinga mjini, na kule chini mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, huu ndio msimu ambao ukuta hukauka na rangi hushika. Mara nyingi kazi huanzia kwenye kile chumba kidogo cha ndani ambacho wazee walikibandika magazeti na kalenda kwa uji wa unga.

Tusiwadharau waliobandika. Magazeti yale yaliziba nyufa, yalizuia vumbi la udongo na kuleta mwanga kidogo, na wapo waliojifunzia kusoma hapo wakiwa wamelala kitandani. Lakini nchi yetu ya milimani ina baridi na unyevu. Maji yakipenya ukutani, uji ule huwa chakula cha ukungu. Kwa mbele unasoma habari za zamani. Kwa nyuma ukuta unazidi kuwa mweusi. Bibi au mtoto anayelala humo anakohoa, anapewa dawa, anapata nafuu, kisha anarudi kulala palepale.

Hapo ndipo kishawishi kinapokuja: nunua ndoo ya rangi, paka juu ya karatasi, wageni wa kipaimara wakute chumba kinang'aa. Watakisifu kweli. Lakini masika yakirudi, rangi itavimba kama malengelenge na kubanduka pamoja na karatasi yake.

Fundi mzuri haanzi na brashi. Hutoa vyombo vyote nje na kuzima umeme wa chumba hicho. Hulowesha karatasi kwa maji ya vuguvugu, husubiri uji ulainike, kisha hukwangua taratibu na kuosha mabaki yote. Halafu hutoka nje kutafuta maji yanakotokea: bati linalovuja, au udongo uliorundikana kwenye ukuta. Huziba nyufa, huacha ukuta ukauke, husugua kwa msasa, ndipo hupaka chokaa au rangi, mkono wa kwanza, na ukishakauka, mkono wa pili. Siku nyingi za kazi hiyo, chumba huonekana kibaya kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Kitabu cha Walawi kinaijua kazi hii. Sura ya 14 inaeleza nyumba yenye madoa ukutani. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekwenda kumwambia kuhani kwamba ameona kitu. Vyombo vinatolewa, nyumba inafungwa siku saba, mawe yenye doa yanaondolewa, kuta zote zinakwanguliwa ndani, na kifusi kinatupwa nje ya mji. Ndipo yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine.

Angalia mambo mawili. Kwanza, agizo hilo lilihusu nyumba za Kanaani, nchi ambayo Waisraeli walikuwa wanakwenda kupewa. Mtu angeweza kukuta doa asilolileta yeye. Hata hivyo, aliyelala humo ndiye aliyepaswa kusema. Pili, kuhani hakuja kumwaibisha. Alitaka vyombo vitolewe kabla hajaingia, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Mungu anayefichua doa anataka kuokoa kilichomo ndani.

Ndugu zangu, ni familia ngapi zimerithi ukuta wa namna hii? Baba wawili waligombania mpaka wa shamba la kahawa, wakafa bila kusemezana. Leo watoto wao wanakaa benchi moja kanisani, wanapeana amani ya Kristo kwa mkono, na hawazikani kwa moyo mmoja. Kila harusi na kila komunyo tunapaka mkono mwingine wa rangi. Nabii Ezekieli aliwakemea waliopaka chokaa ukuta dhaifu na kutangaza amani isiyokuwepo. Alisema mvua itakuja, na msingi utaonekana.

Mmatengo anajua kwamba si kila kilichofunikwa kinaharibika. Katika ngolo, majani hukatwa, hupangwa na kufukiwa kwa udongo. Yanaoza na kulisha mahindi. Lakini yale yamekatwa kwanza. Ugomvi uliofunikwa ungali na mizizi haugeuki kuwa mbolea. Wazee wetu walikuwa na sengu, ambako ukoo ulikula pamoja na kuyazungumza mambo yake. Jambo lilitolewa nje, likaonekana, likakwanguliwa.

Kwa hiyo, kabla ya sherehe ijayo, mmoja katika ukoo aende kwa mwenzake na kusema kile anachokiona ukutani. Asisubiri aliyekosa aanze. Huenda amekwisha kuzikwa. Tarajieni siku za ukuta mtupu, zenye maneno machungu na ukimya. Siku hizo msikimbilie brashi. Mwiteni mzee, katekista au padri, awe shahidi kama yule kuhani aliyerudi siku ya saba kutazama.

Na kama kweli kuna chumba chenye ukungu nyumbani, anza nacho hicho. Aliyelala humo anakohoa tangu masika.

Nawatakieni Jumapili njema.