Haut-Katanga: Uzuri wa safari ya pikipiki unaanza pale unapoyaacha malori

Saa 12 asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi inauma vidole hata ndani ya glavu. Wakaaji wengi wa mji bado wamelala, lakini kwenye barabara ya taifa namba 1 (RN1) malori yamekwisha kuamka. Yanatoka upande wa Kolwezi na Likasi yakiwa yamebeba shaba, yanaelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mtu wa pikipiki anayetaka kutembea na kutazama nchi huifikiria kwanza barabara hiyo, kwa sababu ina lami. Lakini ndiyo hiyo pia inayoweza kummaliza.

Nilijifunza hilo miaka michache iliyopita, katika safari yangu ya kwanza kwenda Likasi, karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi. Lori moja lililokuwa likipita jingine lilinijia uso kwa uso. Nilitoka kwenye lami, nikaangukia majanini. Taa ya mbele ilivunjika, goti likavimba. Nilipofika Likasi niligundua kwamba sikumbuki hata kilima kimoja cha njiani. Nilikuwa nimetazama tairi za malori tu.

Tangu siku ile sichagui njia kwa kuangalia ramani peke yake. Ramani inaonyesha barabara inapita wapi, lakini haisemi nani anaitumia. Wanaojua ni wale wanaobeba samaki na makala. Ukikutana sokoni na motari aliyeleta samaki kutoka ziwani, muulize alipita wapi, mchanga mwingi uko wapi, daraja gani limeharibika. Mahali anapopita yeye na mzigo mzito, wewe mwenye begi moja pia utapita.

Ndivyo nilivyofika Kapolowe. Kati ya Lubumbashi na Likasi, kwenye Kapolowe-Gare, unaiacha barabara kubwa na kushika njia ya udongo inayokwenda Kapolowe-Misheni, kando ya ziwa Tshangalele. Hili si ziwa la asili. Bwawa la Mwadingusha, lililojengwa wakati wa ukoloni ili kuzalisha umeme, liliuzuia mto Lufira, na maji yakasambaa bondeni. Ziwa halina kina kirefu. Lina matete, mitumbwi ya wavuvi na ndege wengi wa majini. Tangu 1982 UNESCO inaitambua sehemu ya Lufira kuwa hifadhi ya viumbe hai.

Ukizima injini hapo, unasikia makasia yakipiga maji. Ni kilometa chache tu kutoka kwenye honi za malori.

Majira nayo yana neno lake. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, njia ni kavu, ingawa moshi wa majani yanayochomwa huficha vilima vya mbali. Mimi napenda zaidi mwisho wa mwezi wa tisa. Wakati huo miti ya miombo hutoa majani mapya yenye rangi nyekundu kabla mvua haijaanza, na vichuguu vikubwa vinasimama katikati yake kama nyumba. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, udongo huo huo unageuka utelezi.

Lakini miombo hiyo inazidi kwenda mbali. Jikoni kwa watu wa Lubumbashi kunawaka makala, maana umeme hautoshi. Asubuhi unapishana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia kuelekea mjini. Kila mwaka msafiri anaendesha zaidi kidogo kabla ya kuona msitu wenyewe. Mwenye hamu ya kuuona asingoje sana.

Anayetaka kwenda mbali zaidi atasikia habari za maporomoko ya Lofoi, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, ndani ya hifadhi ya taifa ya Kundelungu iliyoanzishwa 1970. Hiyo si safari ya siku moja wala ya mtu mmoja. Uliza kwanza ofisi ya ICCN kuhusu ruhusa, hali ya njia na usalama, na usiondoke bila mwenzako.

Kwa safari yoyote, jaza esansi kabla ya kuiacha lami, na ugeuke nyuma kabla nusu ya tangi haijaisha. Beba kitambulisho, karatasi za pikipiki, pampu na vifaa vya kuziba tairi. Usipige picha za bwawa bila ruhusa. Mwambie mtu wa nyumbani unapita wapi. Na uwe umerudi kabla ya saa 12 jioni, kwa sababu gizani lori lililoharibika barabarani mara nyingi halina taa.

Mwisho, kula huko huko. Vijiji vya kando ya ziwa vinaona wageni wachache, na anayepita na chakula chake kutoka mjini anawaachia vumbi tu. Mara ya mwisho nilikula bukari na samaki kwa mama mmoja karibu na ziwa, nikanunua wengine wa kupeleka nyumbani. Alinieleza njia nyingine inayozunguka matete, ambayo sijaiona kwenye ramani yoyote. Nitaijaribu mwezi wa tisa.