Kabla hujalipia 'all in one', uliza kama RAM yake inaongezeka

Musoma. Kompyuta mbili zimewekwa kaunta moja. Zote mpya, vioo vina ukubwa sawa, zote zina RAM ya GB 4 na bei zinakaribiana. Moja ikizidiwa na kazi baada ya mwaka, fundi atafungua mgongo wake na kuichomekea RAM kubwa zaidi, kisha utaendelea na maisha. Ya pili itabaki na GB 4 hizohizo mpaka siku utakapoiuza kwa bei ya kutupa.

Tofauti hiyo huioni kwa macho. Mara nyingi haijaandikwa kwenye boksi, na muuzaji mwenyewe anaweza asiijue.

Hapa tunazungumzia zile kompyuta za mezani ambazo kila kitu kimefichwa nyuma ya kioo, maarufu kama 'all in one'. Kwa mwenye fremu ndogo ya steshenari Nyasho mjini Musoma, au kando ya barabara kuu pale Bunda, zina mvuto wake. Hakuna lile boksi la chini ya meza ambalo wengi tunaliita CPU, waya ni chache, meza inabaki na nafasi ya printa, na umeme zinazokula si mwingi. Wengi wanainunua kwa fedha ya mkopo au ya kikundi, wakitegemea iwalipe kidogokidogo kwa kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni.

Sasa, RAM inaingiaje hapo?

Meza na kabati

Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka vitu, na muuzaji akisema tu "memori" anaweza kuwa anamaanisha yoyote kati ya hizo. Ya kwanza ni kabati, yaani diski. Hapo ndipo mafaili yako yanapokaa hata umeme ukikatika. Ukisikia GB 256 au GB 500, hilo ni kabati.

Ya pili ni meza ya kazi, na hiyo ndiyo RAM. Kila unachokifungua kwa wakati huo kinatandazwa mezani. Ukizima kompyuta, meza inafagiliwa yote.

Meza ikijaa, kompyuta haisimami. Inaanza kutoa vitu mezani na kuvirudisha kabatini, halafu inavifuata tena ukivihitaji. Kama kabati ni diski ya zamani ya kuzunguka, HDD, safari hizo zinachukua muda. Ndiyo maana unabonyeza kitu, kishale kinazunguka, mteja anaangalia saa.

Chukua siku ya kawaida ya steshenari msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Fomu ya HESLB inajazwa mtandaoni, kwa hiyo ukurasa wake uko wazi. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji uhakiki wa RITA, huo ni ukurasa mwingine. Mteja ametuma picha ya pasipoti kwa WhatsApp, nayo imefunguliwa kwenye kompyuta. Skana inafanya kazi, kuna PDF mbili, na kuna barua ya mtu mwingine kwenye Word inasubiri kuchapwa. Hapo hajaja bado yule anayetaka kuomba kazi Ajira Portal, au mzabuni mdogo anayetaka kujisajili NeST ili auze vyakula shuleni.

Windows 11 peke yake, kabla hujafungua chochote, inaweza kula zaidi ya GB 2. Kwenye mashine ya GB 4, nusu ya meza imeshakwenda. Tena kompyuta za bei nafuu hazina memori maalum ya picha, kwa hiyo kioo nacho kinakata fungu lake kwenye RAM hiyohiyo.

Microsoft wenyewe wanasema GB 4 ndiyo kiwango cha chini cha Windows 11. Kiwango cha chini maana yake itawaka. Hawajasema utaipenda.

Kwa nini nyingine haiongezeki

RAM ya kawaida ni kipande chembamba kinachochomekwa kwenye sloti. Kompyuta nyingi za 'all in one' zinatumia kipande kifupi kilekile cha laptop, kinaitwa SO-DIMM. Kama sloti ipo, fundi yeyote wa laptop anaiweza kazi hiyo.

Aina nyingine haina kipande wala sloti. Chipu za RAM zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu kiwandani, kama zilivyo kwenye simu yako. Hakuna anayepeleka simu kwa fundi aongezewe RAM, na ile 'RAM ya ziada' inayotangazwa kwenye simu nyingi ni sehemu ya kabati iliyoazimwa ikaitwa meza. Ila watu wamezoea kwamba kompyuta ya mezani inaongezwa tu, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza.

Kiwanda kina sababu zake. Bodi inakuwa nyembamba, vipande vya kuunganisha vinapungua, na chipu za aina ya LPDDR zinatumia umeme kidogo. LPDDR kwenye mashine hizi za bei nafuu ni ya kuchomelewa, haina sloti.

Wakati mwingine prosesa ndiyo inayoamua. AMD Ryzen 3 7320U na Ryzen 5 7520U, ambazo zimewekwa kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu, zinakubali LPDDR5 tu. Ukiona jina mojawapo kwenye stika, jua RAM hiyo imechomelewa, usihangaike kuuliza zaidi. Intel N100 ni tofauti kidogo: inaweza kuwa na sloti au isiwe nayo, inategemea kiwanda, lakini Intel wameiwekea kikomo cha GB 16.

Na si za bei nafuu tu. Juni 2014 Apple walitoa iMac ya inchi 21.5 ya bei ya chini kuliko nyingine za wakati ule, dola 1,099, ikiwa na GB 8 zilizochomelewa. Aliyeinunua ameishi na GB 8 hadi leo, kama bado anayo.

Kuna aina ya katikati pia: GB 4 zimechomelewa, na pembeni ipo sloti moja tupu. Hiyo si mbaya hata kidogo.

"Fundi si anaweza kuchomoa?"

Kwa nadharia, ndiyo. Chipu inatolewa kwa mashine ya joto na kuwekwa kubwa zaidi. Lakini zipatikane chipu zinazoendana na bodi hiyo, na programu ya ndani ya bodi ikubali kuzitambua. Joto likizidi kidogo, bodi yote imekwenda. Kwa kompyuta ya bei nafuu, gharama ya jaribio hilo inaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Hakuna hesabu hapo.

Kagua ukiwa dukani

Mwambie muuzaji awashe kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha likifunguka, chagua 'Performance', halafu 'Memory'. Shuka chini utafute maneno mawili.

La kwanza ni 'Slots used'. Ikiandika 1 of 2, kuna sloti moja tupu. La pili ni 'Form factor'. Ikiandika SODIMM, dalili ni nzuri. Ikiandika 'Row of chips', RAM imechomelewa.

Usiishie hapo, kwa sababu baadhi ya bodi zinatoa taarifa za sloti zisizo sahihi. Geuza kompyuta, tafuta stika ya nyuma au chini ya mguu, piga picha namba kamili ya modeli. Namba kamili, siyo jina la familia tu. Kompyuta mbili zenye jina moja la biashara zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa. Ingiza namba hiyo mtandaoni kwa simu yako, hapohapo dukani. Lenovo wana tovuti yao ya PSREF inayoonyesha idadi ya sloti na kikomo cha RAM kwa kila modeli. Kwenye karatasi za sifa, maneno 'soldered', 'onboard' na LPDDR yanamaanisha imechomelewa.

Kama haiongezeki, usichukue chini ya GB 8. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu pale Butiama anayetaka mashine imfikishe mwisho wa masomo, au steshenari yenye foleni, GB 16 ni busara zaidi. Ya GB 4 iliyochomelewa iachwe hapohapo kaunta, hata ikipunguzwa bei.

Mtumba wa ofisini

Jambo ambalo wengi hawalitegemei: 'all in one' iliyotumika ofisini nje ya nchi mara nyingi inaongezeka kuliko mpya ya bei ya chini. HP EliteOne 800 na Dell OptiPlex za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi yenye mafundi wake, na nyingi zina sloti mbili za SO-DIMM.

Tatizo lake liko kwingine. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo EliteOne 800 G4 inapita, G3 haipiti. Namba moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha mashine ya miaka mitano na ya kupitishia muda.

Kama umeshainunua

Fungua kwanza lile dirisha uone kama sloti ipo. Ikiwepo, jua aina kabla ya kuagiza RAM Mwanza, maana DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata ukisukuma. Safari ya zaidi ya kilomita 200 kurudisha kipande kisichoingia inauma. Na ufanye haraka: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba. Micron ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaachana na RAM za Crucial, chapa ambayo watu wengi walikuwa wanainunua.

Sloti ikikosekana, angalia kabati. Ikiwa bado ni HDD, badilisha iwe SSD. Meza haitakua, lakini safari za kabatini zitakuwa fupi na utaona tofauti siku hiyohiyo. Hakikisha tu diski nayo haijachomelewa, maana mashine zenye eMMC ya GB 64 ndivyo zilivyo.

Zima programu zinazojiwasha zenyewe. Funga kurasa za mteja aliyeshaondoka. Mwenye moyo anaweza kuweka Linux Mint, ambayo kwa GB 4 inapumua vizuri kuliko Windows 11, ingawa ajaribu kwanza kama printa na skana zake zinaikubali.

Na kwa ambaye bado fedha iko mfukoni: muuzaji akikuhakikishia kwamba RAM inaongezeka, mwambie aandike kwenye risiti, pamoja na namba kamili ya modeli na kikomo cha GB. Anayejua anachouza ataandika. Akianza kusita, bado hujalipa.