Ukuta Unatoka Jasho, Hita Imezimwa

Januari niliitwa kwenye nyumba moja mjini Leicester, Uingereza, kuangalia redieta iliyogoma kupata moto. Mwenyeji wangu, mama wa watoto watatu aliyezaliwa Tanga, alinifungulia mlango akiwa amevaa koti na kofia ya sufu, humo humo ndani. Kazi yenyewe haikuchukua dakika tano. Hewa ilikuwa imejikusanya juu ya redieta na kuyazuia maji ya moto yasipande. Nikaitoa kwa ufunguo mdogo, ikafoka, maji yakafuata, redieta ikaanza kuwaka. Kilichonichelewesha kuondoka ni ukuta wa chumba hicho cha watoto. Nyuma ya kabati la nguo, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, ulikuwa mweusi kwa koga.

"Nimeufuta kwa jiki mara nne, kaka," aliniambia. "Nikifuta, wiki mbili tu, unarudi."

Nikamuuliza hita huwashwa saa ngapi.

"Haiwashwi. Tangu Novemba nimeizima, tunavaa masweta. Wiki hii ndiyo baridi imetushinda, nikaona niwashe hicho chumba cha watoto."

Sikuwa na moyo wa kumlaumu. Oktoba 2021 ukomo wa bei uliowekwa na Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati nchini humo, ulimaanisha familia ya matumizi ya kawaida ilipe pauni 1,277 kwa mwaka, gesi na umeme pamoja. Mwaka mmoja baadaye, Urusi ikiwa imeivamia Ukraine na bei ya gesi imepaa Ulaya nzima, serikali ililazimika kuingiza fedha zake ili bili hiyo isivuke pauni 2,500. Bei zimeshuka tangu hapo, lakini hazijarudi zilikotoka. Mtu anayefanya usafi ofisini usiku na kulipa kodi ya nyumba mchana akiamua kuzima hita, amepiga hesabu yake. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba hesabu hiyo ina mstari mmoja uliosahauliwa, nao ni maji.

Sisi tuliokulia pwani tunaijua koga. Masika ikikolea, viatu vya ngozi vilivyosahaulika chini ya kitanda huota manyoya meupe. Kwa hiyo tunaikumbuka kama ugonjwa wa joto na mvua, na tukiiona Ulaya wakati wa baridi kali tunashangaa. Hewa ni kama kikapu ambacho ukubwa wake hubadilika kwa joto. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ipoze hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Mvuke uliozidi lazima utue mahali, nao hutua penye baridi kuliko pote: kioo cha dirisha, pembe za dari, ukuta wa nje uliofichwa nyuma ya kabati ambako hewa haipiti. Wala kuvu hawasubiri matone. Unyevu wa hewa inayougusa ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 hivi siku baada ya siku, hao wameshapata makazi.

Sasa tazama chumba kile. Kina ukubwa wa mita za ujazo 30 hivi. Watoto watatu wakilala humo mlango umefungwa, kufikia alfajiri pumzi na ngozi zao zimetoa nusu lita ya maji na ushei. Kwenye nyuzi 12, chumba hicho kikijaa mvuke hadi pomoni kinabeba gramu 320 tu, ambazo hazijafika hata theluthi moja ya lita. Kilichobaki kinaingia ukutani. Ongeza sufuria la wali linalochemka bila kifuniko, maji ya kuoga, na nguo za shule zilizotandazwa juu ya viti zikauke, ambazo kwa mfuo mmoja hutoa lita 2 hivi. Mama yule alikuwa anafuta kwa jiki kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa inakimwagilia kila usiku.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kila anayeniuliza: punguza, usizime kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilipendekeza nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha usalama kwa watu kwa jumla katika nchi zenye baridi, na zaidi ya hapo kwa wazee, watoto wachanga na wagonjwa. Baridi ya ndani hukaza mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na pumu haiipendi. Nyuzi 18 si joto la anasa. Ni sweta moja na soksi.

Na akiba ipo, tena si ndogo, ila inakaa mahali ambapo wengi hawapatazami.

Nyumba inapoteza joto kama mtungi uliotoboka unavyopoteza maji: ukijaa, maji yanaruka kwa nguvu, yakipungua, yanatiririka polepole. Nje ikiwa nyuzi 5 na ndani 20, tofauti ni 15. Shusha themostati hadi 19, tofauti inakuwa 14, na umepunguza moja ya kumi na tano ya joto linalokutoroka, karibu asilimia 7, usiku na mchana, bila kununua kitu. Hesabu hiyo hiyo inajibu ubishi ninaokutana nao kila mwaka, wa wanaosema ni nafuu kuiacha hita iwake kidogokidogo kutwa kuliko kuizima na kuiwasha. Maji ya kuoga jioni huyabandiki jikoni tangu asubuhi. Kwa nyumba yenye boila ya gesi, ile mashine inayopasha moto maji ya redieta, saa ambazo hakuna mtu iache ipoe kiasi, ifike nyuzi 15 au 16, kisha uipashe moto kabla watu hawajarudi. Ninasema ipoe kiasi kwa sababu ya ukuta. Ukuta wa tofali ukishapoa hadi ndani, unachukua muda mrefu kupata joto, na muda wote huo mvuke unatua juu yake.

Kuna kosa jingine dogo linalokula fedha. Mtu anaingia ndani anatetemeka, anazungusha themostati hadi 30 akidhani nyumba itapata moto haraka. Haipati. Themostati haifanyi kazi kama bomba la maji. Ni alama ya pa kuishia. Boila itakwenda kwa mwendo ule ule, ila itapitiliza. Namba 1 hadi 5 kwenye valvu za redieta ni vivyo hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo kama ningepewa nafasi ya kusema moja tu, ningelisema hili. Tangu Aprili 2005, karibu kila boila mpya ya gesi inayofungwa Uingereza ni ya aina inayokamua joto hata kutoka kwenye mvuke wa moshi wake. Gesi ikiungua hutoa mvuke mwingi wa maji. Mvuke huo ukipozwa ukageuka matone, hutoa joto ulilokuwa umelificha, na boila hulirudisha ndani ya nyumba. Lakini kazi hiyo haifanyiki vizuri mpaka maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Mafundi wengi huiacha boila ikipeleka maji ya nyuzi 75 au 80, yanarudi yakiwa bado ya moto mno, na lile joto lililofichika linatoka nje kupitia bomba la moshi. Wingu jeupe unaloliona asubuhi juu ya kuta za majirani ni sehemu ya fedha zao.

Ukiwa na boila isiyo na tangi, inayochemsha maji pale unapofungua bomba, tafuta kitufe chenye alama ya redieta ukishushe hadi 60, au 55 kama nyumba bado inapata joto la kutosha. Redieta hazitakuunguza mkono tena na zitachukua muda zaidi, lakini gesi hupungua kwa asilimia 6 hadi 8. Mwenye tangi la maji ya moto asifanye hivyo bila fundi: maji ya tangini yanapaswa kutunzwa kwa nyuzi 60, kwani chini ya hapo bakteria wa legionela, wanaosababisha nimonia kali, hupata mahali pa kuzaliana. Boila ya mama yule ilikuwa 80. Hakujua kama kile kitufe kinaruhusiwa kuguswa.

Kuhusu matundu nitasema kwa ufupi, maana kila mtu anayajua na hakuna anayeyaziba: uwazi chini ya mlango wa mbele, tundu la barua, nafasi kati ya mbao za sakafu, dohani ya moto usiowashwa tena. Kanga kuukuu iliyofungiwa mchanga na kulazwa chini ya mlango inafaa kama kifaa cha dukani. Pazia zito lishuke jua likizama, lakini lisiifunike redieta, la sivyo unapasha moto kioo. Na kochi lisiiegemee.

Ila usizibe nyumba ikawa chupa. Hapa ndipo watu wananibishia, hasa ninaposema wafungue madirisha hata mvua ikinyesha. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikiwa imeshiba unyevu, ina gramu 7 tu za mvuke kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata nyuzi 20, inakuwa hewa kavu, unyevu wake chini ya asilimia 40, na inafyonza maji ya chumba kama kitambaa. Gharama yake? Kuipasha moto upya hewa yote ya chumba cha mita za ujazo 30 kunahitaji karibu asilimia 15 ya uniti moja (kilowati-saa). Kwa bei ya gesi ya miaka hii ya karibuni, peni 6 au 7 kwa uniti, hiyo ni peni moja. Fungua madirisha mawili wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi asubuhi, kisha ufunge. Dirisha lililoachwa upenyo mdogo kutwa ndilo linalopoza kuta.

Uniti ya umeme huuzwa kama mara nne ya uniti ya gesi. Kwa hiyo hita ya umeme ya kilowati 2, ile ya kuchomeka, inakula karibu nusu pauni kwa saa. Inafaa kwa mtu mmoja katika chumba kimoja kwa muda mfupi; ikizungushwa nyumba nzima inafilisi. Blanketi la umeme la wati 100 halifiki peni 3 kwa saa, na kwa mzee anayekaa kitini mchana kutwa sijaona kifaa kinacholipa kama hicho.

Jiko la mkaa lisiingie ndani. Nalisema kwa sauti kwa sababu ni letu, na kwa sababu nyumbani tumelizoea kwenye vyumba ambavyo hewa yake haikai. Nyumba ya Ulaya au Marekani imefungwa. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme katika eneo la Seattle, na watu wengi, wengi wao wakiwa wahamiaji, wakaletwa hospitalini kwa sumu ya kaboni monoksaidi baada ya kuwasha mkaa au jenereta ndani, wengine walikufa. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na usingizi wake ni mtamu. Hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi ina ubaya wa pili: lita moja ya mafuta ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yote yanabaki chumbani. Kwa England, tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa kisheria kufunga king'ora cha gesi hiyo katika chumba chenye kifaa kilichojengewa kinachounguza nishati, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Kama huna, dai.

Kudai ni sehemu ya makala haya. Desemba 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa wazazi kutoka Sudan, alifariki kwa maradhi ya kupumua yaliyosababishwa na koga ya nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika tena na tena, na familia ikaonekana kama yenyewe ndiyo yenye kosa, kwa jinsi inavyopika na kuoga. Uchunguzi wa kifo hicho uliomalizika Novemba 2022 ulikataa kuuacha mzigo kwa wazazi, na sheria ikabadilishwa. Tangu Oktoba 2025, wenye nyumba za jamii England wanatakiwa kuchunguza unyevu na koga yenye hatari ndani ya siku 10 za kazi, na hatari ya dharura kuishughulikia ndani ya saa 24.

Nyumba ya mama yule ni ya shirika la nyumba za jamii. Feni ya bafuni ilikuwa imekufa tangu kiangazi, na alipopiga simu aliambiwa afungue dirisha na apunguze kupika. Tulilivuta kabati likaachana na ukuta kwa shibiri moja, tukashusha boila hadi 60, tukapanga themostati: 18 asubuhi na jioni, 16 saa nyingine. Nguo zikahamia bafuni, mlango ukafungwa na dirisha likaachwa wazi. Kisha tukapiga picha za ukuta, picha ya feni, na picha ya kipimajoto kidogo nilichomwachia.

Barua aliiandika usiku ule ule mezani jikoni, kwa Kiswahili kwanza ili asisahau kitu, na binti yake wa darasa la saba akaigeuza Kiingereza mstari kwa mstari, akiuliza kila mara, "Mama, hapa umesema 'koga' au 'ukungu'?"