Walinzi wa Kaya

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wajukuu zangu, palikuwa na watu waliokimbia vita. Wazee wa Pwani ya Kenya husimulia kwamba mababu zao waliishi Singwaya, mbali huko kaskazini, upande wa Somalia ya leo. Adui alipowazidi nguvu, walibeba walichoweza kubeba wakashuka kusini, kundi baada ya kundi. Walipofika vilima vya nyuma ya Mombasa na Kilifi, na wengine mwambao wa Kwale, kila kundi lilitafuta mahali pake penye msitu mnene. Hao ndio Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Kwa pamoja tunawaita Wamijikenda.

Ndani ya misitu hiyo walijenga makaya, yaani miji yao, na ya kwanza yalianza katika karne ya 16. Sikilizeni jinsi kaya ilivyojengwa, maana siri yote ya hadithi hii imo humo. Katikati ya msitu walifyeka uwanja, wakasimamisha nyumba za nyasi. Wakatenga mahali pa wazee kukutana, paitwapo moro, ambapo kesi zilisikilizwa na mambo makubwa kuamuliwa. Pande zote za uwanja msitu uliachwa kama ulivyo. Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, ikipita kwenye malango ya miti. Na ndani ya ardhi ya kaya wazee walizika fingo, kinga yao waliyotoka nayo Singwaya.

Adui aliyekuja na mikuki hakuuona mji. Aliona miti, miiba na giza. Basi mtu aliyekata mti pembeni mwa kaya alikuwa amewafungulia adui mlango, na ndugu zake wote wangelipia kosa lake. Ndiyo maana ikawa mwiko kukata. Mwiko ule ulikuwa na sababu, na kila mtoto aliyezaliwa kayani aliijua sababu yenyewe kabla hajashika panga.

Miaka ikapita. Vita vya zamani vikapungua, watu wakaongezeka, wakahitaji mashamba. Familia moja ikatoka, ya pili ikafuata, na kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa akiishi tena ndani ya makaya. Nyumba za nyasi zikaoza, nyasi mpya zikaota uwanjani. Sasa jiulizeni: msitu usiokaliwa na mtu, uliozungukwa na watu wanaohitaji kuni, mbao na mashamba, kwa kawaida huishije? Hukatwa ukaisha. Makaya hayakuisha.

Hayakuisha kwa sababu makaburi ya wakubwa yalibaki humo, na fingo likabaki humo. Wazee waliendelea kurudi kuomba mvua wakati wa ukame, kuombea wagonjwa na kupatanisha waliogombana. Kwao hapo ni makao ya koma, yaani roho za waliotangulia. Kanuni zikaendelea kushikwa: usikate mti, usiokote kuni, usiingize mifugo, usiache njia ukajipitia porini. Aliyevunja kanuni aliitwa mbele ya wazee akatozwa faini, pengine kuku, pengine mbuzi, na mnyama huyo alichinjwa ili kuomba radhi.

Kuna kijana atakayesema hayo ni mambo ya kizamani. Basi na atazame yalichozaa. Katika miaka ya 1980 na 1990, wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke waliizungukia misitu ya Pwani ya Kenya wakiandika kila mti na kila mmea waliouona. Waligundua kwamba makaya, ambayo mengi ni madogo sana, yamehifadhi mimea adimu isiyoonekana tena kwenye mashamba yanayoyazunguka. Ipo mimea ambayo duniani kote haiko popote ila katika misitu ya mwambao huu wa Afrika Mashariki. Kaya moja ni ghala la mbegu lililoachwa wazi: ndege, popo na kima huingia wakala matunda, kisha wakazitawanya mbegu mbali. Wazee waliolilinda ghala hilo hawakuwa na shahada ya sayansi. Walikuwa na kanuni, na walikuwa na watu wa kuzifuata.

Lakini hadithi ya kaya ina maadui wengi, na mwingine alikuja na baruti.

Mwaka 1913 Waingereza walikuwa wakiwadai Wagiriama kodi ya nyumba, na walitaka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Akasimama mwanamke, Mekatilili wa Menza. Alizunguka kijiji hadi kijiji, akicheza ngoma na kuhutubia, akiwaambia watu wasikubali. Kisha watu wakakusanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, wakala viapo vya kukataa. Wakoloni walimkamata Mekatilili pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali magharibi ya Kenya. Wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Waingereza walijua nguvu za Wagiriama zilikuwa zinatoka wapi. Agosti 1914 waliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Hebu fikirini: serikali yenye bunduki iliona msitu na malango ya miti ni hatari kiasi cha kuvitegea baruti. Lakini wazee walirudi. Kaya Fungo ipo hadi leo, na bado ni mahali pa maombi.

Adui wa baruti alijulikana kwa mlio. Maadui wa siku hizi huja kimya kimya. Mmoja huja na karatasi ya ploti, akitaka kujenga hoteli pale ambapo msitu unapakana na bahari. Mwingine huja kuchimba mawe au madini. Mwingine ni jirani mwenye njaa, anayechoma makaa usiku ili watoto wake wale, na huyo lazima tumwonee huruma hata tunapomkataza. Na yuko adui mmoja mbaya kuliko wote, ambaye hukaa midomoni mwetu wenyewe. Katika Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo huwa kuna ugomvi wa shamba. Mvi si kosa. Kujua majina ya miti na maombi ya mababu si kosa. Anayemwua mzee wa kaya ameua mtu, na pamoja naye amezika maarifa ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika.

Ilipoonekana kwamba mwiko peke yake umelemewa, sheria iliitwa isaidie. Mwaka 1992 makaya ya kwanza yalitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani. Kazi ya kitengo hicho haikuwa kuwafukuza wazee na kuweka askari. Ilikuwa kukaa nao, kupima mipaka ili mtu asiseme hakujua kaya inaishia wapi, kukuza miche kwenye vitalu, na kupanda tena palipokatwa. Mzee akisema hapana, sheria inasimama nyuma yake. Na sheria ikisinzia, mzee anaiamsha.

Kisha dunia nzima ikasikia. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya ya Wamijikenda katika Orodha ya Urithi wa Dunia, misitu iliyotawanyika kwa kilomita 200 hivi za pwani. Mwaka 2009 ikaingiza mila zenyewe, yaani maombi, nyimbo, viapo na kanuni za kayani, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mnaona kwa nini ziliwekwa orodha mbili? Ya kwanza ni ya msitu unaoweza kuushika kwa mkono. Ya pili ni ya maarifa yaliyo vichwani mwa watu, nayo yanaweza kwisha hata miti ikiwa imesimama. Tena mjue kwamba kuingia kwenye orodha hakuleti walinzi kutoka ng'ambo. Ni ahadi ambayo nchi imeitoa mbele ya nchi nyingine kwamba italinda mahali hapo, na ahadi hiyo hutimizwa na watu wanaoishi karibu.

Sasa niwaambie habari ya vigango, mjue kwamba urithi huibwa hata ukiwa uani kwa mtu.

Miongoni mwa Wagiriama na majirani zao kuna chama cha heshima kiitwacho Gohu. Mtu wa Gohu akifariki, baadaye roho yake inaweza kumjia jamaa yake ndotoni ikidai kigango. Hapo huchongwa nguzo ya mti mgumu, wakati mwingine ndefu kuliko mtu, yenye kichwa, shingo na kiwiliwili, ikanakshiwa kwa pembetatu ndogondogo. Husimamishwa bomani na kupewa sadaka. Kikishasimamishwa hakiondolewi tena. Hata familia ikihama, kigango huachwa palepale mpaka kioze chenyewe.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Aliporudi kumletea mzee picha yake, vigango havikuwepo. Vilikuwa vimeibwa. Wakati huo vigango vilikuwa bidhaa: vilinunuliwa na wauza sanaa, vikasafirishwa, vikasimamishwa katika nyumba za matajiri na makumbusho ya ng'ambo kama mapambo. Familia ya mzee ikabaki na mashimo mawili ardhini.

Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Kile cha pili kikaja kupatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ile moja ya mwaka 1985 ndiyo iliyokuwa daftari. Bila hiyo, nani angeamini kwamba nguzo iliyo Marekani ilitoka kwenye boma la fulani kule Kilifi? Mwaka 2007 vigango vyote viwili vilirudi nyumbani, familia ikavipokea kwa sherehe.

Mlango ukawa umefunguka. Makumbusho ya Denver, huko Marekani, yalikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha vingine 37. Lakini vingi vya hivyo havina picha ya boma vilikotoka, kwa hiyo ni vigumu kujua vipelekwe kwa nani. Vimerudi Kenya, bado havijafika nyumbani.

Nanyi mkitaka kuona ulinzi unaofanya kazi, nendeni Kaya Kinondo, karibu na Diani katika kaunti ya Kwale. Ni msitu mdogo, hekta 30 hivi, nao una wageni. Ukifika utafungwa kaniki, kitambaa cheusi, kiunoni. Utaambiwa ufuate njia na usichukue chochote, hata jani. Mwongozaji ni mtu wa pale pale, atakuonyesha mti wa dawa na kukuambia unatibu nini. Mgeni anamheshimu mwenyeji, mwenyeji anafaidika na mgeni, na kijana wa kijijini anaona kwamba msitu uliosimama unampa kazi mwaka baada ya mwaka, wakati gunia la makaa huuzwa mara moja tu.

Basi, wajukuu zangu, shikeni jambo moja. Mwiko, sheria, orodha za dunia na picha ni walinzi wazuri, lakini wote humtegemea mtu anayejua kwa nini kitu fulani kinalindwa. Mtoto aliyeambiwa tu "usikate" atakata siku mzee asipokuwepo. Mtoto aliyeelezwa sababu atamzuia na mwenzake.

Si lazima uwe Mmijikenda. Kila kijiji kina mti, chemchemi, kaburi, msikiti wa kale au wimbo wa mavuno wenye sababu yake. Kwa hiyo nawapa kazi. Nendeni kwa babu au nyanya, mkae chini kwa adabu, muulize mahali hapo panaitwaje, nani alipatunza, na kanuni zake ni zipi. Andikeni majibu kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyewaeleza. Pigeni picha kama mmeruhusiwa. Mkimwona mtu anauza nguzo ya kaburi au sanamu ya zamani, msinunue, na mwambieni mwalimu au chifu. Na mkimsikia mtu akimwita mzee mchawi kwa sababu ya mvi zake, msicheke pamoja naye. Mkanyeni.

Shule zikifungwa, kila mmoja aje na daftari lake tusomeane.