Saratani ya titi: kila dawa na zamu yake

Msikilizaji mmoja wa Tunduma ameniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi. Ndugu yake ana saratani ya titi, na ameambiwa aanze dawa za dripu kabla ya kupasuliwa. Je, akimeza papo hapo na vidonge vya kuzuia homoni, uvimbe hautaisha upesi zaidi?

Tuanze na sababu ya dawa kutangulia kisu. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wamechelewa, uvimbe umekwisha kuwa mkubwa au umeshika tezi za kwapani. Dawa huusinyaza, upasuaji ukawezekana.

Saratani nyingi za titi hustawishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni. Kidonge cha tamoksifeni huziba mahali homoni hiyo inaponasa kwenye chembe, nazo chembe zikapunguza kasi ya kuzaana. Dawa za dripu, yaani kemotherapi, huua zaidi chembe zinazozaana. Hapo ndipo penye mgongano: kidonge kinazilaza chembe, dripu inazitafuta zilizo macho.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet, kwa wanawake waliokoma hedhi na waliokwisha kupasuliwa, ulielekea kuonyesha kuwa ni afadhali tamoksifeni isubiri kemotherapi imalizike. Kabla ya upasuaji, kuchanganya kumejaribiwa pia, lakini hakujawa utaratibu wa kawaida.

Sisemi kidonge hakifai. Wapo wanawake, hasa waliokoma hedhi, wanaopewa dawa za homoni peke yake kwa miezi kadhaa kabla ya kupasuliwa. Wengine huzimeza baadaye kwa miaka 5 au zaidi. Kinachoamua ni kipimo cha vipokezi vya homoni katika kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Vipokezi visipokuwepo, kidonge hakisaidii.

Kutoka Tunduma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Mtu asirudi safari hiyo bila kuuliza: je, kinyama changu kimepimwa vipokezi, na dawa ipi inatangulia? Asijinunulie vidonge dukani, upande huu wa mpaka wala ule. Na uvimbe ukisinyaa, asidhani amepona akaikimbia siku ya upasuaji. Kusinyaa ni nusu ya safari.