Moyo Uliopotea Ngoma: Kweli au Si Kweli?

Wagika na Wagalu, vikundi vya ngoma vya Wasukuma, wanaposhindana kucheza, hata mtoto aliye mgongoni mwa mama yake humtambua mpiga ngoma aliyepotea. Lakini pigo la moyo likipotea, wengi wetu hapa Bariadi tunasema ni uchovu wa palizi, au presha tu, tunalala.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100, yanayofuatana vizuri. Yakija ovyo, mawili ya haraka, kimya, moja, kisha matatu, nenda hospitali uombe kipimo cha umeme wa moyo. Hicho ndicho kinachothibitisha. Mengine tunayoambiana sokoni na vijiweni nayapima hapa.

"Moyo ukitulia wenyewe, umepona."
Si kweli, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Katika aina ya mvurugiko wa mapigo inayowapata wengi, vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujibana. Damu hutuama humo kama maji ya lambo, huganda, na bonge likichomoka huweza kuziba mshipa wa ubongo. Hatari ya kiharusi huongezeka karibu mara 5. Mtetemo huja na kuondoka, hatari inabaki. Aliyeandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa sababu hasikii kitu. Na mdomo wa mtu ukipinda ghafla, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, msianze kutafuta nani kamroga. Tafuteni usafiri wa hospitali saa hiyohiyo.

"Anayemeza warfarini asiguse mboga za majani."
Si kweli, ingawa nawaelewa wanaoamini hivyo, kwa kuwa lina chembe ya ukweli. Majani yana vitamini K, ambayo hushindana na warfarini. Lakini tatizo si mboga, ni kuruka kutoka nyingi hadi hakuna. Tazama mwaka wetu ulivyo: mvua zikinyesha, mlenda, matembele na majani mabichi ya kunde viko mezani kila siku, kiangazi kikikaza, tunabaki na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, au ugali na dagaa wiki nzima. Dozi iliyopangwa msimu mmoja inaweza isifae msimu mwingine. Kula mboga, kiasi kilekile kadiri unavyoweza, na chakula kikibadilika mweleze daktari ili damu ipimwe upya. Dawa mpya zaidi hazina sharti hili la mboga, ila bei yake iko juu.

Ninachoogopa zaidi ya mlenda ni diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa baada ya kulima, mgongo ukiuma. Ikikutana na warfarini, mtu anaweza kutokwa damu tumboni. Na mitishamba nayo, taja yote unayokunywa, bila aibu.

"Siongezi chumvi mezani, kwa hiyo niko salama."
Si kweli. Presha ya kupanda ni miongoni mwa visababishi vikuu vya moyo kupoteza mpangilio, na chumvi yetu imejificha: magadi ya kulainishia mlenda na maharage, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, vyote vikijumlishwa.

"Bia mbili tatu baada ya kuuza pamba hazina neno."
Si kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanywaji 140 wenye mtetemo huo wa moyo. Kwa miezi 6, mvurugiko ulirudi kwa asilimia 73 ya walioendelea kunywa, na asilimia 53 ya walioambiwa waache.

"Mgonjwa wa moyo asishike jembe."
Kwa wengi, si kweli. Daktari akisharidhia, anza na kutembea, kidogo kidogo, ufike dakika 150 kwa wiki. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha, ukamwone daktari.

"Ni ugonjwa wa wazee."
Ulaya wagonjwa wengi ni wazee kweli. Kwetu huwapata pia vijana, hasa wanawake, ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Binti wa namna hiyo anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kupanga ujauzito, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akigundua tayari ni mjamzito, awahi hospitali bila kujikatia dawa mwenyewe. Uharibifu huo wa valvu huanza na koo lililoambukizwa bakteria likaachwa bila tiba. Mtoto akiwa na homa na kumeza kunamuuma, mpeleke zahanati apimwe. Akiandikiwa penisilini, amalize dozi.