Shahada ya Tabianchi: Tani Zinahesabika, Mafuriko Je?

Msimu wa udahili ukifika, wazazi wanaouliza kuhusu masomo ya mabadiliko ya tabianchi huwa na wasiwasi mmoja: kijana wetu anakwenda chuo kikuu kusomea kupanda miti? Swali halina ujinga ndani yake. Vyuo vyenyewe huyatangaza masomo haya kwa picha za miche na semina, wakati kazi kubwa humo ndani ni hesabu, tena za aina mbili zisizopatana.

Ya kwanza ni hesabu ya kupunguza gesijoto. Pale Gazi, pwani ya Kwale nchini Kenya, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakiuza kaboni ya mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Msitu ni wa hekta 117, mauzo ni kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zake zimelipia maji na vitabu vya shule.

Hesabu za namna hiyo huanzia topeni, maji yakishapwa. Mwanafunzi hufunga kamba kuzunguka ploti yake na kupima kila mti uliomo. Mti wa kawaida hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi yake kama kigoda, kwa hiyo futi ya kupimia hupita sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kuliko yote, na ukikosea hapo umekosea mpaka mwisho. Kipenyo hutoa makadirio ya uzito mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, nayo huzidishwa kwa 3.67 kupata hewa ukaa: mti wenye kilo 100 kavu umeshikilia kama kilo 180. Halafu linakuja tope, ambalo ndilo ghala kubwa zaidi. Bomba hushindiliwa hadi mita moja chini, tope hukatwa vipande, hukaushwa, kisha huchomwa tanurini ili ijulikane mlikuwa na nini.

Ni kazi chafu, lakini jibu lake halina ubishi mwingi. Tani iliyozuiwa Gazi ni sawa na iliyozuiwa Shanghai, maana anga ni moja. Ndiyo maana inauzika. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mzazi anayeuliza ajira aanzie huko.

Hesabu ya pili, ya kuhimili athari za tabianchi, ndiyo inayowatoa wanafunzi jasho. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, baadhi ya familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Huko mto hauwafikii. Lakini vibarua, wateja na shule vilibaki mjini, na wapo waliorudi bondeni. Je, familia zilizohamishwa zimehimili? Ukipima kwa nyumba zilizookoka, ndiyo. Ukipima kwa kipato, hapana. Hakuna tani hapa. Kila kipimo unachochagua kina mtu anayenufaika nacho na mwingine anayeachwa nje, na mwanafunzi lazima aseme amechagua kipi na kwa nini.

Mvua nayo haimsaidii. Kumbukumbu za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980 zinaonyesha masika yakipungua kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, ilhali modeli nyingi za hali ya hewa zinatabiri kwamba yataongezeka. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Mhandisi wa mfereji wa Jangwani, katika bonde hilo la Msimbazi, mahali ambapo karakana ya mabasi ya mwendokasi imeshaingiwa na maji mara kadhaa, hawezi kungoja wamalize. Anayefundishwa vizuri hampelekei namba moja. Humpa kiwango cha chini, kiwango cha juu, na gharama ya kukosea kila upande.

Kuna mahali hesabu hizi mbili zinagombana waziwazi. Katika delta ya Rufiji, mikoko hufyekwa kulima mpunga. Kuilinda kunaleta tani, na kunazuia mawimbi. Kunamnyima pia mkulima shamba lake, naye ndiye aliye karibu zaidi na madhara ya tabianchi tunayodai kumkinga. Kipimo cha tope hakikati shauri hilo. Linahitaji sheria ya ardhi na uchumi wa kaya. Kwa maoni yangu, programu isiyogusa umiliki wa ardhi imefundisha nusu, hata kama maabara yake inang'aa.

Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha masomo ya mabadiliko ya tabianchi na kuhimili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake na shahada ya uzamili. Popote unapoomba, uliza kuna wiki ngapi za uwandani na takwimu zinafundishwa kwa vipindi vingapi. Na kama bado hujaanza shahada ya kwanza, ningekushauri usome kwanza uhandisi wa maji, kilimo, uchumi au sheria, tabianchi ije kwenye uzamili. Halmashauri inayotaka kujenga karavati itamwita anayeweza kusaini mchoro.